Kitufe cha Kijani cha Renae Dvoracek

Marlys wa maktaba amenisumbua wiki nzima. Kila nikienda kurudisha vitabu vya picha vya watoto ananiwekea karatasi mkononi: "Bibi Albina, tuandikie habari za mtu mmoja wa hapa Prosek, mtu wa kawaida tu." Mimi niandike! Mimi niliyeacha shule darasa la sita mama alipofariki, nikashika ndoo za maziwa. Nasoma kidole kikiwa juu ya neno, naandika kwa penseli, na mkono unauma. Wapo walimu wastaafu watatu mjini hapa wanaokaa bure wakicheza karata. Waulizwe wao. Lakini hapana, Albina Zelenka ndiye asumbuliwe.

Basi nitaandika, ila si kwa kumfurahisha Marlys. Nina sababu yangu, mtaiona mwishoni. Na mwenye kutaka kucheka mwandiko wangu acheke sasa amalize.

Mtu wangu ni Renae Dvoracek, binti wa Leonard, yule aliyekuwa akitengeneza mashine za kukamulia za kaunti yote hadi mgongo ukamvunjika. Namjua Renae tangu ana miaka sita. Nilipika jikoni shuleni kwetu miaka thelathini na mmoja, na mtoto yule alipita mbele ya dirisha langu na trei yake kila siku ya Mungu. Alikuwa mwembamba, mbishi, hali kabichi chachu hata umfunge kamba. Siku za chili, ule mchuzi wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini alikuwa anakula mkate kwanza, chili baadaye, nami namwambia, "Wewe mtoto, tumbo lako litashangaa." Ananijibu, "Tumbo langu halina macho, Bibi."

Zamu ya kupanga uma na vijiko ilikuwa ya watoto. Kabla ya kengele mtoto mmoja alikusanya uma kutoka madroo yote ya jikoni, akaziweka kwenye trei moja kubwa, akaipeleka kwenye meza ya mlangoni. Kila anayeingia ajichukulie. Mpishi haachi sufuria kwenda kumpa mtu uma, sufuria itaungua. Renae alipenda zamu hiyo kuliko zote. Kumbukeni hiyo trei, maana ndiyo iliyokuja kutuua.

Alikua, akaolewa, akaachwa, akarudi nyumbani kwa Leonard na mtoto wa kiume. Kazi ya kutengeneza tovuti alijifunza mwenyewe pale mezani jikoni, baba yake amelala chumba cha pili anaita maji. Ametengeneza ya kinu cha chakula cha mifugo, ya daktari wa ng'ombe, ya nyumba ya maziko. Hajawahi kumkatalia mtu. Ukimpelekea kolachi za mbegu za popi, vile vimkate vitamu, anakwambia "sikustahili," halafu anakula nne amesimama.

Sasa shule. Bodi ilisema Januari kwamba shule yetu itabaki wazi ikiwa watoto arobaini na wawili wataandikishwa kwa mwaka ujao, kabla ya saa sita mchana, Ijumaa ya mwisho ya Februari. Wasipofika hao, mlango unafungwa, na watoto wote watapanda basi kwenda Harlin, saa moja na robo kwenda na saa moja na robo kurudi, theluji isiponyesha. Nina wajukuu wawili ninaolea, Colby na Josie, pacha, miaka sita. Josie hutapika ndani ya gari tukienda kanisani tu, na kanisa ni dakika nane.

Tena iwe kwa mtandao peke yake, kwa sababu mwaka wa nyuma karatasi zilipotea, watu wakashikana mashati kwenye ukumbi. Renae akasema atatengeneza huo ukurasa, bure. Mwenyekiti wa bodi, Duane Hruby, akamshika mkono mbele ya watu wote. Mjini kulikuwa na watoto wa kutosha. Tulihesabu wenyewe, nyumba kwa nyumba, vichwa tu bila kuandika majina: arobaini na sita. Kazi ilikuwa kubonyeza tu.

Jumapili mbili kabla, Renae alitufanyia majaribio kwenye chumba cha chini cha kanisa, baada ya misa. Familia tisa zilikuwepo na simu zao. Kulikuwa na ukurasa mweupe, picha ya shule, sehemu za kujaza majina, na chini kitufe cha kijani. Ukikibonyeza kinasema, "Tumempokea." Watu walipiga makofi. Mimi sikuwepo, Josie alikuwa na homa.

Jumatano, siku mbili kabla ya mwisho, ukurasa ukafunguliwa kwa watu wote. Asubuhi nikakaa na kompyuta ya zamani aliyoniachia mama wa pacha. Nikajaza jina la Colby herufi kwa herufi. Nikabonyeza kitufe cha kijani. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha, nikajaza upya yote. Kitufe kimekufa, hakisemi lolote.

Nikampigia Renae.

"Renae, kitufe chako hakifanyi kazi."

"Kwangu kinafanya kazi, Bibi. Nimekibonyeza sasa hivi."

"Kwangu hakifanyi."

"Umejaza kila sehemu?"

"Nimejaza mpaka jina la mbwa."

Akacheka. Alikuwa amechoka, namjua sauti yake. Akasema, "Bibi Albina, bonyeza mara moja, polepole. Usikikande kama unga."

Mimi nikakata simu.

Ndugu zangu, nilikanda unga wa mikate ya mji huu miaka thelathini na mmoja. Hakuna aliyewahi kuniambia nakanda vibaya. Nikasema moyoni, vema, kama Albina hajui kubonyeza kitufe, basi na akae kimya, wenye kujua wabonyeze. Nikaifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza kama maiti.

Alhamisi nzima sikumwambia mtu. Mchana tulikuwa kanisani tunashona mablanketi, wanawake saba kwenye fremu moja. Vlasta akaniuliza, "Albina, umeshawaandikisha pacha?" Nikamjibu bila kuinua macho, "Tayari." Na yeye je, mjukuu wake? "Zamani sana," akasema. Wote saba tukasema tayari. Tukashona.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba watano kati yetu tulikuwa tumedanganya. Kila mmoja alikuwa amekibonyeza nyumbani kwake kile kitufe hadi kidole kikauma, kila mmoja akadhani mjinga ni yeye peke yake.

Ijumaa asubuhi Josie akaniuliza kama basi la Harlin lina choo. Sikulala vizuri tangu Jumatano, na swali lile likanivunja. Nikachukua kompyuta chini ya koti, nikapita kwenye barafu hadi kwa Leonard, nikaingia bila kugonga. Ilikuwa saa tatu kasoro.

Renae alikuwa mezani, nywele hazijachanwa, kahawa imepoa. Kwenye skrini yake kulikuwa na namba moja kubwa: 17.

"Kumi na saba," akasema. "Bibi, watu wa mji huu watafanya kila kitu dakika ya mwisho mpaka kufa kwao."

"Bonyeza," nikamwambia, nikamwekea kompyuta yangu juu ya karatasi zake.

"Bibi, nina kazi..."

"Bonyeza, Renae. Wewe si ndiye unayejua kubonyeza?"

Akabonyeza. Akabonyeza tena. Nikaona uso wake unasawijika kama wa mtu aliyeona nyoka kwenye kitanda cha mtoto.

"Yesu na Maria," akasema.

Aligeuza kitu, akafungua dirisha dogo lenye maandishi mekundu. Akanionyesha mstari mmoja: mia nne na nne, faili halikupatikana. Halafu akafungua daftari la seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza tovuti, maana seva huandika kila anayebisha hodi na alichokitaka. Mistari ilikuwa inashuka kama mvua. Halikupatikana. Halikupatikana. Halikupatikana. Jumatano yote. Alhamisi yote.

"Walikuja," akasema. "Bibi, walikuja wote. Walibisha."

Alinieleza kwa maneno ya jikoni kwangu, nami nawaeleza ninyi vile vile. Tovuti yake imejengwa juu ya kiunzi, ndivyo wanavyokiita, nacho ndicho mpishi. Mtu akija, mpishi anampikia ukurasa. Lakini kitufe hakina akili ya kwake, akili yake imo kwenye kifaili kingine, wanakiita skripti. Skripti haipikwi. Ni kama uma, ipo vile vile kwa kila mtu. Wakati wa majaribio, mpishi anawapa watu uma kwa mkono wake mwenyewe, maana wageni ni wachache. Siku unapofungua mlango kwa mji mzima, unazima majaribio, na hapo mpishi anakataa. Anasema, uma ziko kwenye meza ya mlangoni. Kwa hiyo kabla ya kufungua lazima ukusanye mafaili hayo yote kutoka kila droo, uyaweke kwenye trei moja, na mlinda mlango ndiye ayagawe.

"Na hukukusanya?"

"Nilikusanya. Picha zipo, rangi zipo. Lakini skripti niliiandika mwisho, nikaiweka kwenye droo jipya. Sikuliandika droo hilo kwenye orodha. Mkusanyaji, ile programu ya kukusanya, hulifungua droo lililo kwenye orodha tu."

"Basi kwako inafanyaje kazi?"

Akaziba uso kwa mikono. "Kwa sababu kivinjari changu, programu ya kufungulia kurasa, kina mfuko. Kilichukua ule uma siku ya majaribio, kikauweka mfukoni. Na familia zile tisa za kanisani vile vile. Watoto kumi na saba. Wote walionijibu 'kwangu kinafanya kazi' walikuwa wanakula kwa uma wa zamani, Bibi. Na wewe ulinipigia simu. Jumatano. Ukaniambia."

 Ningeweza kumwambia mengi, na Jumatano ningeyasema kwa furaha. Lakini na mimi nilikuwa na Alhamisi yangu tumboni.

Simu ikaanza kulia. Leonard akaita maji. Renae, kwa haraka ile, akafanya kosa ambalo anasema kila mtu wa kazi yake amewahi kulifanya na kila mmoja anaapa hatarudia: badala ya kuliandika droo kwenye orodha, aliichukua ile skripti akaitupia kwenye trei kwa mkono. Kama mtu anayeweka uma mmoja mlangoni, akasema nitapanga baadaye.

Kitufe kikafufuka. Nikabonyeza mwenyewe kwenye kompyuta yangu, jina la Colby. "Tumempokea." Jina la Josie. "Tumempokea." Nililia, siogopi kusema. Namba ikawa 19.

Tukaanza kupiga simu. Yeye na simu yake, mimi na ile ya ukutani. "Rudini mbonyeze tena, kilikuwa kimeharibika, si ninyi." Vlasta akanijibu, "Mimi nilishaandikisha zamani." Nikamwambia, "Vlasta, nyamaza ubonyeze." Akanyamaza, akabonyeza. Saa nne, namba ilikuwa 26. Saa nne na nusu, 33. Renae alikuwa anacheka na kulia kwa zamu. Akala kolachi moja, amesimama.

Kisha Kent Barta akapiga. Kent ana ng'ombe kule kusini ya mto na watoto wawili. Sauti yake inakatika katika upepo.

"Renae, sikioni hicho kitufe chako. Niko kwenye simu ndogo. Picha ya shule imekifunika chote."

"Subiri kidogo, Kent. Nakitengeneza."

"Nina ndama anazaliwa kinyumenyume, siwezi kusubiri sana."

"Dakika tano!"

Alitengeneza, na safari hii akafanya kama inavyotakiwa, ndani ya droo lake. Halafu akamwita mkusanyaji aweke trei upya. Na ili asije akaacha takataka za zamani, akamwambia afute trei yote kwanza.

Nadhani mmeshaona. Mimi sikuona. Yeye hakuona. Mkusanyaji alifuta trei, akapita kila droo la kwenye orodha, akaweka vitu vyake kwa uaminifu. Ile skripti iliyotupwa kwa mkono haikuwa kwenye droo analolijua. Ikafutwa, haikurudi.

Renae akajaribu. Kwake kinafanya kazi. Akajaribu kwenye kompyuta yangu, nayo inafanya kazi! Maana sasa hata yangu ilikuwa na mfuko, na uma ndani yake. Kosa lile lile, meza ile ile, asubuhi ile ile.

"Kimekaa sawa," akasema. "Kent, jaribu sasa." Lakini Kent alikuwa ameshakata.

Tukaendelea kupiga simu. Wa kwanza, wa pili, wa tano. "Naenda kubonyeza sasa hivi, Bibi." Nikaangalia namba. 34. Nikampigia mwingine. 34. Leonard akaita, nikampelekea maji, nikarudi. 34.

"Renae, ile namba imelala?"

"Watu wanajaza majina."

"Dakika ishirini na tano wanajaza majina? Nani ana jina refu hivyo?"

Akageuka. Sitasahau uso ule. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na saba.

"Nipe mashine ambayo haijawahi kuuona ukurasa huu," akasema. "Yoyote. Mashine yoyote, Bibi!"

Nyumbani mle hakukuwa nayo. Akapiga maktaba. "Marlys, fungua ile kompyuta ya watoto. Bonyeza kitufe cha kijani. Kinasemaje?"

Nilisikia sauti ya Marlys hadi nilipokaa. "Hakisemi kitu, mpenzi. Labda mimi ndiye sijui kubonyeza."

Renae aliweka simu mezani kama yai. Kwa haraka akakosea neno lake la siri mara tatu, na mara ya tatu tovuti ikamfungia mlango dakika tano nzima. Dakika tano alikaa akiangalia saa ya ukutani, ile yenye ndege, na akaniambia pole pole, "Bibi, nimeua shule."

Nikamwambia, "Hujaua. Kaa wima. Ukifunguliwa utafanya nini kwanza?"

"Nitaliandika droo kwenye orodha."

"Halafu?"

"Nitakusanya."

"Halafu?"

"Nitamwambia Marlys abonyeze. Si mimi. Marlys."

"Haya. Rudia."

Akarudia kama mtoto anayejifunza sala. Mlango ulipofunguka akafanya vivyo hivyo. Saa tano na dakika arobaini na nane Marlys akapiga kelele, "Kimesema kimempokea Marlys Marlys wa miaka mitatu!" Renae akamfuta huyo, tukashika simu zote mbili. Sijawahi kusema haraka vile maishani. Watu wengine walikuwa wameshakata tamaa wakaenda kazini, wengine hawapokei. Namba ikawa 36. 37. Tulimpigia Kent mara sita. Kule kusini ya mto simu hukamata ukiwa juu ya kilima tu, na Kent alikuwa zizini, mkono ndani ya ng'ombe hadi begani.

38. 39.

Saa sita kamili ukurasa ukajifunga. Amri ya kuufunga aliiandika Renae mwenyewe, kwa sababu bodi ilimtaka, naye ni mtu wa kushika neno. Kitufe cha kijani kikawa cha kijivu. Ndege wa kwenye saa akalia mara kumi na mbili, Leonard akauliza kutoka chumbani, "Vipi, wamefika?" 

Jumatatu jioni bodi ilikaa. Ukumbi ulijaa hadi makoti yakawekwa sakafuni. Renae alisimama na daftari la seva, amelichapa karatasi kumi na moja. Angeweza kusema mtandao ulikuwa mbaya, na nusu ya ukumbi ingemwamini. Alisema, "Kosa ni langu, mara mbili. Hawa ni watu waliobisha mlango, nami sikuwa nimeweka skripti mahali pake." Akasoma mstari kwa mstari, siku, saa, dakika, halikupatikana.  Alipofika ule wa Jumatano saa nne asubuhi akaniangalia. Ulikuwa wangu.

Kent akasimama na kofia mkononi, akasema mbili kati ya zile hodi ni zake. Mtu mmoja nyuma akamtania, "Ndama je?" "Yupo. Nimemwita Ijumaa." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

Duane Hruby si mtu mbaya ila ni mgumu kama kwato. Akasema, "Renae, karatasi zako zinasema mtu alibisha. Hazisemi ni nani. Siwezi kumwandikisha 'mtu'." Wakabishana saa nzima. Mwisho wakaamua hivi: mzazi au mlezi yeyote aliyejaribu akashindwa aje mwenyewe maktaba, aseme siku na saa, waangalie kwenye daftari. Ikilingana, atie sahihi kwenye karatasi ya bluu, na mtoto wake atahesabiwa. Mwisho ni tarehe kumi na tano Machi, saa kumi jioni. Baada ya hapo funguo zinakwenda Harlin.

Kent alitia sahihi papo hapo. Watoto wake wawili wametufikisha arobaini na mmoja. Wengine waliobisha walikuwa wameshaandikishwa ile asubuhi, kama mimi. Anatakiwa mtoto mmoja.

Na Renae anajua yupo. Amekaa na zile karatasi kila siku tangu hapo, hali, hafanyi kazi za watu, kinu kimeshampigia mara mbili. Kila mstari ameupatia mtu wake, isipokuwa mmoja. Alhamisi, saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, kuna mtu alibisha mara kumi na moja. Mara kumi na moja! Alikuja, hakuweza, akaondoka, akarudi, akajaribu tena. Ilipofika saa tatu akaacha. Hakurudi Ijumaa. Hakuja ukumbini. Nyumba tulizohesabu zilikuwa na watoto arobaini na sita, kwa hiyo yupo hapa hapa, ananunua mkate dukani pamoja nasi.

Juzi nilimkuta Renae amelala kichwa juu ya ile karatasi, kalamu ya rangi imemchora shavuni. Nikamwamsha. Akasema, "Bibi, kwa nini hasemi?"

Mimi najua kwa nini hasemi. Nilikaa kwenye fremu ya mablanketi nikasema "tayari". Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nimeficha siku moja nzima ambayo ingetosha. Ningepiga simu ya pili ile Jumatano, ningemwambia Renae nikande unga nisikande unga, njoo uone kwa macho yako, leo nisingekuwa naandika kwa penseli. Sikupiga. Yeye ameungama yake mbele ya ukumbi, mimi naungama yangu hapa, na Marlys asithubutu kufuta hata mstari.

Sasa wewe. Wewe wa mara kumi na moja. Hukuwa mjinga. Kidole chako hakikuwa na kosa. Uma haukuwepo mezani, basi. Usininong'oneze baada ya ibada, wala usimtume mtu. Vaa koti lako, njoo maktaba kabla ya tarehe kumi na tano, meza ya mbele, karatasi ya bluu. Sema "Alhamisi, saa mbili na dakika kumi na nne," andika jina la mtoto wako, weka sahihi. Kama huwezi kuandika vizuri, nipo hapo kila siku kuanzia saa tatu, nimekaa kwenye kiti cha dirishani na mikate ya mdalasini. Nitakushikia karatasi isiteleze.